Tawi, mwanachama, mshirika ama mtandao? Ulinganisho kwa vikundi vya Mombasa vinavyobishiwa hodi na mashirika makubwa

Sikuizi ukiwa mwenyekiti wa kikundi hapa Mombasa, iwe Likoni, Kisauni ama Changamwe, si ajabu kupata barua pepe ya shirika kubwa la nje linasema linabadilisha muundo wake, linataka kushusha madaraka yaje kwa wenyeji, na lingependa nyinyi muwe pamoja nao. Maneno ni matamu na mengi yametoka moyoni, sikatai, lakini huko kuwa pamoja kuna sura nne tofauti kabisa na barua mara nyingi haisemi ni ipi. Unaweza kuwa tawi lao, unaweza kuwa mwanachama kamili mwenye kura, unaweza kuwa mshirika wa mkataba, ama ukaingia kwenye mtandao usiokuwa na bosi mmoja. Nimekaa kwenye kamati za vikundi muda mrefu na nimeona watu wazuri wakisaini bila kujua wameingia wapi, kwa hivyo wacha niziweke kando kwa kando vile ninavyoziona, na ninayoipendelea nitaitaja wazi.

Lakini mwanzo uelewe barua hiyo inatoka kwenye presha gani. Mwaka 2016 kule Istanbul wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana mapatano yaliyopewa jina Grand Bargain, na ahadi iliyosikika zaidi ni kwamba ikifika 2020 asilimia 25 ya pesa za misaada ya dharura ziwe zinaenda kwa mashirika ya nchi zenyewe, kwa njia iliyonyooka kadiri inavyowezekana. 2020 ikaja ikapita na robo hiyo haikufikiwa. Katikati hapo, Februari 2018, zikalipuka habari za wafanyakazi wa Haiti wa Oxfam, shirika la misaada lililoanzia Uingereza, waliokuwa wakiwatumia wanawake kingono baada ya tetemeko la 2010, na watu wakaanza kuuliza, bodi inayokaa mbali hivo inajuaje yanayofanywa kwa jina lake? Novemba 2021 Samantha Power, aliyekuwa mkuu wa USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, naye akatangaza lengo lake la robo ya pesa kwenda kwa wenyeji. Alafu Januari 2025 serikali ya Trump ikasimamisha pesa za misaada, na tarehe 1 Julai 2025 USAID ikafungwa, shughuli zilizobaki zikapelekwa wizara ya mambo ya nje ya Marekani.

Nayasema haya kwa sababu kuna shirika linalobadilisha muundo kwa kuwa limejifunza kitu, na kuna lingine linabadilisha kwa kuwa halina pesa ya kulipa kodi ya ofisi zake, na barua zao zinaandikwa kwa maneno yale yale. Anayekukabidhi madaraka pamoja na bajeti amekupa kitu. Anayekukabidhi madaraka baada ya bajeti kuisha amekupa mzigo, na inafaa ujue kabla hujaupokea.

Mimi nikilinganisha huwa nauliza mambo matatu tu. Nani anamwajiri na kumfuta mkurugenzi wa hapa? Nani ana neno la mwisho kwenye akaunti? Na siku wakiondoka, vitu vinabaki kwa nani?

Tawi

Hapa majibu yote matatu ni wao. Mkurugenzi anaajiriwa na makao makuu, pesa zinaidhinishwa huko, gari na kompyuta ni zao. Shirika la watoto la Save the Children kwa mfano, zamani nchi moja ilikuwa unaweza kukuta ofisi ya Waingereza, ofisi ya Wamarekani na ofisi ya Wanorwe, kila moja na bendera yake, mpaka kuanzia kama 2011 wakaziunganisha ziwe ofisi moja kwa kila nchi chini ya Save the Children International yenye makao London. Hio ilipunguza fujo na gharama, na ni mabadiliko ya kweli, lakini kwa mwenyeji wa nchi kamba bado imefungwa kule kule.

Sasa usikimbilie kusema tawi ni kitu kibaya. Chukua Madaktari Wasio na Mipaka, MSF. Walipokuwa wakifanya kazi ya uzazi pale Mrima, Likoni, walikuwa wanajaza pengo ambalo kila mtu wa ng'ambo ya feri analijua, manake mama akitokwa na damu saa nane usiku na hospitali kuu ya Makadara iko kisiwani, kati yake na daktari kuna feri. Kazi kama ile inataka dawa isiyokatika, jenereta, damu, na mtu mmoja wa kutoa amri, na kusema kweli mama aliye kitandani hana haja ya kujua bodi inakaa wapi. MSF wana jingine ninaloliheshimu, pesa zao karibu zote zinatoka kwa watu binafsi, mamilioni ya watu wanaotoa kidogo kidogo, ndo maana 2016 waliweza kuzikataa pesa za Umoja wa Ulaya kwa kupinga sera yake ya wakimbizi na wakaendelea na kazi. Lakini angalia muundo: shirika limeanzishwa 1971, vituo vyake vitano vinavyoongoza operesheni vyote viko Ulaya, Paris, Brussels, Amsterdam, Geneva na Barcelona, na mpaka 2019 ndo Afrika ikapata kituo chake cha kwanza cha namna hiyo, Abidjan, Côte d'Ivoire. Kama watu wenye nia safi na pesa zao wenyewe imewachukua muda wote huo, basi usitarajie shirika linalotegemea serikali mbili tatu likushushie madaraka kwa mwaka mmoja.

Kwa kikundi cha mtaa, kugeuzwa tawi maana yake ni kwamba nyinyi kama kikundi hampo tena, mnakuwa waajiriwa. Wachache watapata mishahara mizuri na wengine watarudi majumbani. Mkiwa mnaendesha kliniki inaweza kufaa, mkiwa mnatetea haki za watu wenu siwashauri hata kidogo.

Mwanachama

Hii ndo inayosifiwa zaidi, na kwenye karatasi ndo bora. Mfano unaotajwa kila mahali ni ActionAid, shirika la kupambana na umaskini. Walianza 1972 Uingereza, na Kenya ni kati ya nchi mbili za kwanza walizofanyia kazi, nyingine ni India. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakahamisha sekretarieti yao kutoka London kwenda Johannesburg, wakawa muungano, kila nchi mwanachama ina bodi yake ya wenyeji, na wawakilishi wa nchi wanakaa kwenye baraza kuu linalochagua bodi ya kimataifa. Yaani mtu wa Kenya na mtu wa Uingereza wanapiga kura chumba kimoja. Hili si jambo dogo, wallahi, kuna mashirika ya miaka mia hayajafika hapo.

Oxfam nao waliunda muungano wao 1995, na makao ya Oxfam International yakahama Oxford kuja Nairobi, Winnie Byanyima wa Uganda akiwa ndiye mkurugenzi. Tulifurahi. Lakini sasa tazama kilichofuata: Mei 2020 Oxfam ikatangaza kufunga ofisi katika nchi 18 na kupoteza kama kazi 1,450, na kwenye orodha hiyo ilikuwemo Tanzania, jirani kabisa, ukivuka Lunga Lunga umeshafika. Makao makuu yako Nairobi na Tanzania inafungwa. Silaumu uamuzi, pesa zilikuwa zimepungua na wangefunga vipi bila kuumiza mtu, ila watu wengi wanadhani ofisi kuu ikihamia Afrika basi madaraka yamehamia nayo. Yanahama pale pesa na kura zinapohama. Pesa nyingi za miungano hii bado zinachangwa Ulaya na Amerika, na wanachama wanaochanga wana njia nyingi za kusikika hata kama kura yao ni moja kama ya wengine.

Msalaba Mwekundu ni uanachama wa aina ya peke yake. Chama cha Kenya kilianzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1965, ni chama cha Wakenya, na kwenye mkutano mkuu wa shirikisho lao lenye makao Geneva kila chama cha nchi kina kura moja, kikiwa kikubwa ama kidogo. Kama unachotafuta ni kusaidia watu wakati wa mafuriko ama moto, wewe binafsi unaweza kujiunga tawi la Mombasa kesho, ukajitolea na ukashiriki kuchagua viongozi. Huhitaji kikundi kwa hilo.

Shida ya mlango huu ni kwamba si wa kikundi cha Bombolulu. Mwanachama wa muungano wa kimataifa ni shirika la kitaifa lenye bodi, oditi za miaka, yaani ukaguzi wa hesabu, sera za kulinda watoto, sera za fedha, na watu wa kuandika hayo yote. Anayewaambia mtakuwa wanachama kamili baada ya miezi sita muulizeni mara mbili anamaanisha nini.

Mshirika wa mkataba

Hapa ndo wengi wetu tupo, na hapa ndo nataka tukae zaidi.

Mshirika anabaki na jina lake, kamati yake na katiba yake. Shirika kubwa linapata pesa kwa mfadhili, linakupa sehemu ufanye kazi fulani kwa muda fulani, unaleta ripoti na risiti. Mkurugenzi wenu mnamchagua nyinyi, hilo ni zuri sana. Lakini akaunti, ingawa jina ni lenu, mnaitumia kwa ruhusa. Na mali inategemea mkataba, mkataba ambao watu hawausomi.

Kikundi kimoja cha kina mama na vijana ninachokijua vizuri, ng'ambo ya feri, kilitumiwa mkataba usiku, kurasa nyingi za Kiingereza, urudishwe umesainiwa kesho yake kabla ya saa kumi. Walikaa barazani kwa mwenyekiti, katibu ambaye ni binti aliyesoma chuo cha Poly akawa anausoma kwenye simu na kuutafsiri kipengele kwa kipengele. Shirika linaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 30, kikundi kikitaka kutoka kitoe siku 90. Picha na hadithi za wanufaika ni haki ya shirika. Vifaa vyote vilivyonunuliwa kwa mradi ni mali ya shirika na vinarudishwa mradi ukiisha. Mwekahazina, mama wa makamo, akamkata: "Mwanangu, na zile cherehani pia?" Akajibiwa, "Ndio mama, hata cherehani." Kimya. Cherehani hizo ndo zilikuwa mradi wenyewe, bila hizo mafunzo yote yamekwisha.

Wakaandika barua fupi, ya adabu, wakaomba mambo mawili: cherehani zibaki kwa kikundi na notisi iwe sawa pande zote. Wakakubaliwa yote mawili, tena bila ugomvi. Hawa watu wa mashirika wengi si wabaya, mkataba wameukuta umeandikwa na mawakili wa mbali na wao wenyewe hawajausoma vizuri, ukiwaonyesha kipengele wanashtuka pamoja na wewe. Ila usipouliza hakuna atakayekuulizia.

Kitu cha pili kinachowamaliza washirika ni pesa za uendeshaji. Bajeti inalipia semina, chai, fulana na mabango, lakini kodi ya chumba, stima, bando na posho ya mhasibu hakuna anayetaka kulipa. Halafu oditi inakuja inataka risiti ya kila shilingi, na dereva wa tuktuk hatoi risiti. Nimeona mwekahazina ana daftari la shule, kila safari kaandika kutoka wapi hadi wapi, namba ya tuktuk, sahihi ya dereva, na meseji ya M-Pesa kaichapa kaibandika kando na gundi. Kazi yote ile halipwi. Shirika linalosema limebadilika lipime hapo: linaweka fungu la uendeshaji kwenye bajeti yenu kama linavyojiwekea lenyewe, ama haliweki?

Kuna kitu kinaweza kuwapa nguvu mkiwa mezani. Mwaka 2022 ilizinduliwa Pledge for Change, ahadi iliyosukumwa mbele na Degan Ali, Msomali wa shirika la Adeso, na mashirika kama Oxfam, CARE na Save the Children yakaweka jina, kwamba yatajenga ushirikiano wa haki, yatasimulia habari za watu kwa heshima, na yatashawishi wengine wabadilike. Kama aliyekuandikia ni mmoja wa waliosaini, mkumbushe, kwa upole kabisa. Kama hayumo, muulize mbona.

Mtandao

Hii ni mpya kidogo kwa wengi. Hakuna shirika mama na watoto wake, kila shirika linabaki huru, na mnachokuwa nacho pamoja ni mfuko, ama mafunzo, ama sauti. Start Network ilizaliwa ndani ya mashirika makubwa ya Uingereza ikawa shirika huru 2019, na mfuko wake unaweza kutoa pesa za dharura ndani ya saa 72 tangu tahadhari itolewe, jambo ambalo kwa kawaida ya wafadhili ni mwujiza. Mtandao mwingine, NEAR, ulianza 2016 ukiwa wa mashirika yenyewe ya nchi za kusini, yaani zile zinazopokea misaada. Na kuna EveryChild, shirika la watoto la Uingereza lililochukua uamuzi ambao sijauona mara nyingi: lilisaidia kuanzisha mtandao wa mashirika ya wenyeji, Family for Every Child, likahamishia huko mali zake na kujifunga lenyewe. Wangeweza kuandika ripoti nyingine kuhusu kugawana madaraka, wao wakafunga duka. Nikilinganisha wote niliowataja, hawa ndo nawaheshimu zaidi.

Udhaifu upo. Mtandao hauleti mishahara. Mikutano ni ya Zoom, ni mingi, ni ya Kiingereza, na wakati mwingine mnachopata mwisho wa mwaka ni cheti na marafiki. Mkono mtupu haulambwi, na vijana wa kikundi hawali mafunzo. Mtandao unafaa kikundi ambacho tayari kina kitu chake mfukoni hata kama ni kidogo.

Na hapo ndo nashangaa tunavyosahau tulichonacho. Kenya Community Development Foundation imekuwepo tangu 1997 ikisaidia jamii kuweka mfuko wao wa kudumu, mtaji hauguswi, faida ndo inatumika. Sisi watu wa Pwani hili si geni hata kidogo, wakf ni jambo la mababu, Tume ya Wakf makao yake yapo hapa hapa Mombasa, na nyumba iliyowekwa wakf haiuzwi, kodi yake ndo inahudumia msikiti ama madrasa kizazi hadi kizazi. Kikundi chenye chumba kimoja cha kupangisha hata huko Mtongwe kinaongea na mfadhili kwa sauti tofauti kabisa na kikundi kinachosubiri pesa iingie ndo kifungue mlango.

Upande wa sheria, kwa ufupi

Msisaini chochote kabla hamjajua mmesajiliwa kama nini. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa 2013 lakini ilianza kufanya kazi 14 Mei 2024, ikachukua nafasi ya ile ya NGO ya 1990. Shirika la kimataifa linalosajiliwa chini yake linatakiwa liwe na ofisi Kenya na angalau theluthi moja ya wakurugenzi wawe Wakenya wanaoishi hapa, kwa hivyo mkiambiwa tuna bodi ya wenyeji ombeni majina, ni haki kuuliza. CBO nyingi zetu, yaani vikundi vya mtaa, zinaangukia Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, mnakwenda ofisi ya maendeleo ya jamii. Kama cheti chenu kimepitwa na wakati shughulikieni hilo mwanzo, manake mshirika asiye na cheti hai hana pa kusimama hata akidhulumiwa.

Sasa uchague ipi

Kikundi kidogo cha mtaa, watu kumi hadi thelathini, bila mhasibu wa kudumu: kaeni washirika wa mkataba, mkataba mmoja ama miwili isizidi, na kila mradi unaoisha uwaachie kitu kinachobaki, iwe cherehani, tangi la maji ama chumba. Wakati huo huo anzeni mfuko wenu hata wa mia mia kila mwezi. Mtandao ingieni mkishakuwa na mtu mmoja wa kuhudhuria bila kuua kazi nyingine.

Shirika la kaunti nzima, lenye ofisi na oditi mbili tatu mkononi, mimi ningelipeleka kwenye mtandao bila kusita, na uanachama wa muungano ningeuangalia baadaye, kwa masharti kwamba jina halibadilishwi na bodi inabaki na haki ya kumwajiri na kumfuta mkurugenzi. Wakikataa hayo mawili basi wanachotafuta ni tawi, hata kama barua inasema vingine.

Wenye kliniki na huduma za dharura, tawi ama mkabidhiano na kaunti unaweza kuwa salama zaidi kwa wagonjwa, na mgonjwa ndo wa kwanza. Hakikisheni tu mpango wa kuondoka umeandikwa siku ya kuingia, nani atalipa manesi, dawa zitatoka wapi.

Na kama mkataba umeshafika na mnaambiwa ni wa kesho, waandikieni leo mwombe wiki mbili na nakala ya Kiswahili. Kipengele cha mali, cha notisi na cha pesa za uendeshaji visomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, wazee na vijana, kabla ya mtu yeyote kushika kalamu.